Uganda ni Hapa Tu, Lakini si kwa Gari

Mwambie mtu wa Matayos kwamba kesho unasafiri nchi ya nje, atakuuliza kama ni Qatar au ni Marekani. Mwambie ni Uganda, atacheka. "Uganda? Hiyo ni hapa tu."

Kwa kipimo cha miguu hakosei. Kutoka soko la Matayos hadi Busia ni mwendo mfupi wa matatu, na Busia yenyewe ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande huu wanahesabu shilingi ya Kenya, upande ule ya Uganda, na katikati watu wanapishana na magunia, vifaranga na mitumba kana kwamba hakuna kitu pale. Kutoka hapo hadi Kampala ni kilomita kama 200. Nairobi ni zaidi ya 400. Mama mwenye duka Burumba anayetafuta vitenge vya bei nafuu haangalii ramani ya nchi, anaangalia nauli. Ndiyo maana tumekua tukiamini kwamba safari ya ng'ambo ni ya anayepanda ndege, na kwamba yale mawaidha ya wasafiri, kagua hati zako, uliza sheria za mahali uendako, yaliandikiwa Wazungu wenye mikoba mgongoni na watu wa Nairobi wanaokuja huku Krismasi na magari mapya.

Nataka kubishana na imani hiyo, na nitabishana nayo polepole kwa sababu nimeishi nayo mwenyewe. Mgeni akifika mpakani anaogopa, na woga unamfanya asome kila ubao na kuuliza kila dirisha. Jirani haulizi, kwa kuwa anajua. Anachokijua ni njia ya miguu: wapi pa kupita, nani wa kumsalimia, saa ngapi foleni ni fupi. Siku anapokalia usukani anauchukua ujuzi huo wa miguu na kuuingiza ndani ya gari, na hapo safari inaanza kuharibika, maana gari halina shemeji upande wa pili.

Wanaosema "ni hapa tu" wana hoja nzito na si haki kuiruka. Kabla ya mwaka 1902 huku kwetu kote kulikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha, kisha Waingereza wakauhamishia upande wa pili kwa maandishi, bila mtu wa huku kuhamisha hata kuku. Mwaka 1926 mstari ukaelezwa tena kwa amri iliyotoka London. Wasamia wako Funyula na wako Lumino. Wateso wako Amukura na wako Tororo. Mtu wa Bukhayo anaoza binti ng'ambo, anazikwa na watu wa ng'ambo, na ng'ombe wa mahari hawajawahi kuulizwa kitambulisho. Wenye serikali ndio wamekuwa wakiukumbuka mstari, na kila walipoukumbuka tuliumia sisi. Mwaka 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni yake. Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walifyatuliana risasi papa hapa Busia na mpaka ukafungwa. Mtu aliyeyaona hayo, akaja kuona Soko la Pamoja la Afrika Mashariki likianza Julai 2010, na mwaka 2014 akaambiwa anaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tu, ana sababu ya kusema kwamba mambo yamerudi yalivyokuwa kwa babu zake.

Ila tazama mapatano hayo yanamzungumzia nani. Kitambulisho ni cha mtu. Uhuru wa kutembea ni wa mtu. Gari linashughulikiwa na sheria nyingine kabisa, ile ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, na machoni pa sheria hiyo Probox yako yenye nambari za Kenya ikishavuka haiwi msafiri. Ni bidhaa iliyoingizwa Uganda kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa ahadi yako kwamba itarudi. Wewe umekwenda kuwaona wakwe. Gari lako limeingizwa nchini kama friji.

Ajabu ni kwamba sisi wa Busia tulilijua jambo hili zamani kuliko mtu yeyote, tukalipa jina, na jina likaenea Afrika Mashariki. Boda-boda ilizaliwa hapa. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi ambacho abiria aliyeshuka kwenye basi alilazimika kukivuka na mizigo yake, na gari halikuweza kumvusha bila makaratasi. Vijana wenye baiskeli wakaweka mto wa sponji kwenye kibebeo, wakawa wanaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili, boda, boda, kwa maana ya kutoka mpaka hadi mpaka. Kazi ile yote ilisimama juu ya tofauti moja: baiskeli ilipita na gari likabaki. Leo kijana anaendesha boda Dar es Salaam bila kujua kwamba jina la kazi yake ni kumbukumbu ya foleni ya forodha ya Busia. Sisi tunaojua tumeisahau.

Kilichotusahaulisha zaidi ni jengo. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikuja Busia kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani, na tangu siku hiyo utasikia mtu akisema mpaka uliondolewa. Haukuondolewa, ulisogezwa. Zamani ulisimama mara mbili, kwanza kwa Wakenya kutoka, kisha kwa Waganda kuingia. Sasa unasimama mara moja, na unasimama kule uendako: ukitoka Kenya, maafisa wa Kenya na wa Uganda wote wako kwenye jengo la upande wa Uganda, ukirudi, wote wako upande wetu. Malaba nako ni hivyo hivyo. Ni mpango mzuri na umeokoa saa nyingi. Umeleta pia kosa jipya ambalo halikuwepo. Dereva anapita majengo ya Kenya bila kusimamishwa, anajisikia ameruhusiwa, anafika ng'ambo anaingia kwenye foleni ya uhamiaji, anaonyesha kitambulisho, anaandikwa, anarudi kwenye gari na kwenda zake. Mtu ameingia Uganda kihalali. Gari halijaingia. Dirisha la forodha lilikuwa hatua chache tu kutoka pale aliposimama.

Kinachotolewa kwenye dirisha hilo ni kibali cha muda cha gari, chenye nambari ya usajili, jina la dereva na siku ambazo gari linaruhusiwa kukaa. Kuna watu wanaokiona kama risiti ya maegesho: ukishapita lango umekwisha nacho. La. Kibali kile ni deni, na deni hulipwa kwa kukirudisha wakati wa kutoka ili gari liandikwe kwamba limeondoka. Usipofanya hivyo, kwenye kompyuta ya mamlaka ya mapato ya Uganda gari lako bado liko Uganda, hata kama liko kwako Matayos limeegeshwa chini ya mwembe. Utakuja kulijua hilo safari ijayo, unapokwenda harusini na gari limejaa mashangazi waliovaa gomesi.

Halafu kuna suala la gari ni la nani. Kwetu gari la ukoo ni kama panga la ukoo, anayelihitaji analichukua. Msiba ukitokea ng'ambo, Iganga, mjomba anatoa van yake, mpwa anaendesha, jirani anachangia mafuta, na hakuna anayewaza kwamba jina lililo kwenye hati ya umiliki, ile logbuku, halimo ndani ya gari. Afisa wa forodha analiwaza hilo kwanza. Dereva asiye mwenye gari anahitaji barua ya ruhusa kutoka kwa mwenyewe, na ni vyema iwe imethibitishwa na wakili. Gari likiwa la mkopo jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa benki nayo ina jina lake kwenye logbuku, na gari kwenda nje ya nchi ni jambo ambalo benki hutaka kuombwa ruhusa. Nimewahi kuona jeneza likisubiri hapo mpakani juu ya gari ambalo mwenyewe alikuwa Mombasa na simu yake imezimwa. Watu walilia, afisa mwenyewe alikuwa na huzuni, na karatasi haikupatikana. Mwishowe jeneza lilihamishiwa gari la upande ule, na waombolezaji wakavuka kwa miguu nyuma yake.

Lakini hayo yote ni usumbufu. Kosa ambalo linaweza kula shamba la mtu liko kwenye bima.

Kila mwenye gari Kenya anajua kwamba kibandiko cha bima ni lazima; sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, inasema hivyo na trafiki anakukumbusha. Wasichojua wengi ni kwamba ahadi iliyo nyuma ya kibandiko kile inaishia mpakani. Ukimgonga mtu Bumala, kampuni yako inasimama mahakamani pamoja nawe. Ukimgonga Bugiri, umesimama peke yako, katika nchi ambayo wewe ni mgeni, na gari lako limezuiliwa kituoni. Hata ile bima kubwa tunayojivunia, inayolipa gari likiibwa au kuungua, mara nyingi ina mstari unaosema inahusu Kenya peke yake mpaka uombe iongezwe. Mstari huo uko ukurasa wa ndani. Hakuna anayefika ukurasa wa ndani.

Dawa yake ipo tangu mwaka 1987, nayo ni Kadi ya Manjano ya COMESA. Unaichukua kwa kampuni iliyokupa bima yako ya kawaida, inaandikwa nchi unazokwenda na muda, na inakufanyia kazi ng'ambo kama vile ungekuwa umekata bima ya lazima ya nchi ile. Ukisababisha ajali, kuna ofisi ya kitaifa katika kila nchi mwanachama inayopokea madai, kisha wanamalizana wao kwa wao na kampuni yako nyumbani. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kadi hii ikabaki nayo, kwa hiyo inafaa pia kwa anayekwenda Mwanza. Kuna jambo moja haifanyi, na watu hukasirika wakilijua wakiwa wamechelewa: inamlipa uliyemuumiza, haitengenezi gari lako.

Utasikia ushauri kwamba usijisumbue, kadi zinauzwa pale pale mpakani. Ni kweli, zinauzwa, na wengi wanaouza ni watu halali. Bali mpakani umechoka, watoto wanalia, nyuma yako kuna lori linapiga honi, na mbele yako kuna kijana mwenye fulana ya kung'aa anayejua kwamba una haraka. Hiyo si hali ya kusoma mkataba. Kadi niliyoichukua siku tatu kabla, kwa wakala ninayejua duka lake liko wapi, nimeisoma nikiwa nimekaa na chai, nikaona nambari ya usajili imekosewa herufi moja, nikairudisha. Herufi moja. Mpakani nisingeiona.

Na hapa niseme kuhusu kadi ya manjano nyingine, kwa sababu nimeshuhudia mtu akiitoa kwa fahari mbele ya trafiki aliyeomba bima. Ile ni ya chanjo ya homa ya manjano. Unaihitaji pia kuingia Uganda, na wale walioambiwa zamani kwamba inaisha nguvu baada ya miaka kumi wakae watulie: tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabiwa kuwa ya maisha. Zote mbili ni kadi, zote mbili zinaitwa za manjano, na mtu anaweza kuwa nayo moja akaapa kwa mama yake kwamba anayo ile nyingine.

Kwa hayo yote wazee wa barabarani wana jibu moja, na ndilo ninalolichukia zaidi kwa sababu husemwa na watu wenye akili. Karatasi za nini? Weka elfu mbili kwenye kivuli cha jua, ukisimamishwa toa kitu kidogo, endelea na safari. Wanasema hivyo ndivyo dunia ilivyo, na anayekataa anajifanya mtakatifu.

Niweke utakatifu kando nihesabu pesa tu. Kitu kidogo kinamnunua mtu mmoja, kwa dakika moja, mahali pamoja. Kizuizi kinachofuata hakina habari na wa kwanza. Pale unaanza upya, na kati ya Busia na Kampala kizuizi si kimoja. Kutoa hongo ni kosa kwa sheria ya nchi zote mbili, kwa hiyo umemkabidhi kosa lako la pili mtu aliyekuwa ameshika la kwanza. Kisha kuna mambo ambayo hongo haiwezi kuyanunua hata ungekuwa na gunia. Haiwezi kukuandikia kwamba gari liliingia siku fulani. Haiwezi kumlipa mama wa mtoto uliyemgonga. Aliyepita njia ya panya kukwepa foleni amejinyima kitu hicho hicho: akiibiwa Jinja, akienda kituo cha polisi kuripoti, swali la kwanza ni aliingiaje, na hana la kujibu. Mwenye muhuri anaripoti kama mtu. Asiye nao anajiripoti mwenyewe.

Ukitoka hapo, barabara ya kwenda Kampala ni nzuri na inajulikana. Unapita Busitema, Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono. Au unakata kusini kwa Lumino, Namayingo na Mayuge, utokee Musita ukiwa umeyaacha malori mengi nyuma. Wanaendesha kushoto kama sisi. Hapa kuna mahali ambapo ujirani unasaidia na lazima nikubali: mtu wa Busibwabo aliyezoea trela za miwa zisizo na taa anajua la kufanya Kakira na Lugazi giza likiingia, na mtu wa Westlands hajui. Hata hivyo ningewashauri wote wawili walale Jinja.

Kuhusu pesa na simu sina mengi. Minara ya Kenya inamwagika ng'ambo kiasi kwamba ukiwa Busia ya Uganda bado unalipa kwa M-Pesa na shilingi yako inapokelewa, nawe unadhani mambo yatakuwa hivyo mpaka mwisho. Bugiri hakuna anayeitaka. Badilisha kabla, na hesabu sifuri, kwa kuwa noti ya elfu tano na ya elfu hamsini zinatofautiana kwa sifuri moja tu na jioni macho hudanganya.

Kiswahili ni jambo refu zaidi. Tunaamini kitatufikisha popote, na serikali ya Uganda yenyewe iliidhinisha mwaka 2022 kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini kwa miaka mingi Buganda ilikisikia zaidi kutoka kwa watu wenye bunduki. Kilikuwa lugha ya kambi, hasa wakati wa Amin, na mzee anayekumbuka vizuizi vya barabarani vya miaka ile hawezi kukisikia kama unavyokisikia wewe. Mkenya anayeshusha kioo na kusema "Wapi njia ya Mukono?" bila salamu amejitambulisha vibaya mara mbili. Sisi wenyewe huku tunasalimiana mulembe kabla ya kuulizana bei ya sukari. Sijui kwa nini tukiwa ndani ya gari tunaiacha salamu nyumbani. Ssebo kwa mwanamume, nnyabo kwa mwanamke, kisha uliza unachotaka kwa lugha uliyo nayo. Nimeona maneno hayo mawili yakifungua milango ambayo Kiingereza kizuri kiliigonga bila jibu.

Usivae wala usibebe nguo za madoa ya jeshi, hata kofia ya mtoto. Sheria yao haitanii, na tangu Septemba 2019 kofia nyekundu ya bereti nayo imo kwenye orodha ya mavazi ya jeshi, kwa sababu za siasa ambazo si zako wewe mpita njia. Ukifika daraja jipya la Nile pale Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, litazame ukiwa unaendelea. Walinzi hawapendi gari linalosimama ili mtu apige picha, na daraja halitahama.

Wapo wanaoonja Kampala, wakaona imekuwa rahisi, wakasema twende na Kigali. Wakishafika mpaka wa Gatuna imani ya "ni hapa tu" inawaishia ghafla, kwa sababu Rwanda wanaendesha kulia. Usukani wako uko upande wa ukingo wa barabara, na kulipita lori kwenye milima ile unahitaji macho ya abiria. Saa nayo inarudi nyuma kwa saa moja. Mwenye kitambulisho bado yuko salama Rwanda, lakini asije akadhani kila mwanachama wa Jumuiya aliingia kwenye mapatano yale ya 2014. Yalikuwa ya nchi tatu. Mtoto naye hana kitambulisho, anahitaji pasipoti au pasi ya muda ya usafiri, na mzazi anayesafiri naye peke yake abebe cheti cha kuzaliwa.

Najua jibu nitakalopewa kwenye kibanda cha chai. Kwamba naitetea mipaka ya mkoloni dhidi ya udugu wetu. Mimi ningefurahi kuona siku ambayo bima ya Kenya inafanya kazi Iganga bila kadi, na kibali cha gari kinafutwa kama walivyofuta ulazima wa pasipoti. Kuna Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha na lina wawakilishi wetu tisa. Hilo ni jambo la kuwauliza. Lakini kuendesha gari leo kana kwamba sheria hiyo imeshatungwa ni kuwapa watoto wako deni la kulipa kwa jina la udugu, na huyo mtoto wa Iganga aliyegongwa, ambaye huenda naye ana mjomba Matayos, hatibiwi kwa udugu.

Kurudi ndiko watu hujisahau kabisa, kwa kuwa wanaona wamekwisha kufika. Gari linanuka kuku wa kuchoma na gonja za Namawojjolo, mtu anapiga simu nyumbani ugali uwekwe. Sasa majengo yako upande wa Kenya. Uhamiaji, sawa. Forodha, kurudisha kibali, na hapo dereva anaulizwa kuna nini nyuma. Nyuma kuna samaki wa kukaushwa, nanasi, sabuni ya miche, na kila kitu kimefungwa kaveera. Kaveera ni mfuko wa plastiki. Uganda unakabidhiwa kila duka bila kuuomba. Kenya umepigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu iliyoandikwa inafika milioni nne au kifungo cha miaka minne. Dereva na mashangazi wanashuka, wanatandika kanga juu ya lami, wanaanza kuhamisha samaki mmoja mmoja kwenda kwenye kikapu, huku nyuma yao lori likipiga honi.

Shemeji yao, aliyekataa kubanana nao kwenye gari na kupanda basi hadi mpakani, alivuka kwa miguu na kikapu chake cha ukindu akachukua boda. Kwa wakati huo yuko Matayos, ameshavua viatu, na chai yake inapoa.